Leo Mwezi Ngapi?

Bibi yake alimuuliza swali hilo asubuhi ya kwanza, hata chai haijaiva. "Leo mwezi ngapi?" Mwanangu, mtoto wa Tabata, Dar es Salaam, mwenye miaka kumi, aliyeshuka boti bandari ya Malindi, Unguja, jana yake, akajibu bila kusita: "Wa sita, bibi." Bibi akacheka mpaka akalazimika kukaa. Yeye alikuwa anauliza mwezi wa angani umefika siku ya ngapi. Ulikuwa mwezi kumi na nne. Maana yake maji yangepwa sana, yangepwa saa nne na kitu asubuhi, na asiyekuwa tayari saa tatu angebaki nyumbani na kuku.

Nilisimuliwa kisa hicho jioni yake, kwa simu, na bibi mwenyewe, ambaye ni mama yangu na anaishi Jambiani, mashariki ya Unguja. Nilicheka naye. Nilipokata simu nikagundua kuwa na mimi nisingejua jibu. Nimezaliwa mita mia mbili kutoka maji yale, na siku hizi nikitaka kujua bahari inajaa saa ngapi nafungua programu ya simu.

Mazungumzo yetu kuhusu watoto na simu yamechoka. Kila mzazi ana takwimu aliyoisikia redioni na kila shehe na padri ana mawaidha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Sina ugomvi na mwongozo huo. Ugomvi wangu ni na mzazi, mimi nikiwa wa kwanza, anayedhani akishanyang'anya amemaliza kazi. Mtoto anapokonywa kishikwambi saa kumi jioni, anabaki na sebule, geti lililofungwa na dada wa kazi anayetazama tamthilia. Tumemtoa huko, tumempeleka wapi?

Nikiri jambo ambalo wazazi tukisimulia habari hizi huwa tunaliruka. Mwanangu hakuacha kishikwambi kwa kuvutiwa na uzuri wa bahari. Siku nne za mwanzo alikaa nacho barazani, akienda pwani akirudi anakishika. Siku ya tano bando liliisha na mimi nikajifanya sina salio. Siku ya sita alishinda amenuna. Ya saba alikuwa anauliza maji yatapwa saa ngapi, kwa sababu kulikuwa na pweza aliyemkosa.

Pweza huyo nimeelezwa habari zake mara nyingi kiasi kwamba namjua. Ukifika kwenye mwamba maji yamekauka, pango la pweza halionekani kwa mgeni. Bibi haangalii tundu, anaangalia uchafu: vigamba vya kaa vilivyotafunwa, makombe matupu, vijiwe vilivyokusanywa mlangoni kama mtu aliyejenga kizingiti. Pweza hutupa mabaki yake nje ya mlango, na mlango wa mlafi hujulikana. Mjukuu alipita juu ya mapango matatu akitafuta kitu chenye mikono minane. La nne alionyeshwa, akapewa mti, akachokoa kwa pupa, pweza akatoa wino na kujivuta ndani kabisa. Wakaondoka. Wimbi la kwanza lilikuwa limeshaanza kurudi, na bibi hana mazoea ya kubishana na maji.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Mchezo wa kwenye kishikwambi ukishindwa unabonyeza, unaanza upya. Pweza aliyekimbia amekimbia, na siku hiyo walikula mchuzi wa nazi mtupu. Mtoto alikosea, kosa likafika mezani, hakuna aliyemgombeza. Kesho yake aliamka mwenyewe. Hakuna mhadhara wangu wa uvumilivu uliowahi kumwamsha mtoto huyu saa kumi na mbili.

Ilimchukua siku mbili nyingine. Alipompata, bibi alimgeuza pweza kichwa, akamfunga kwenye mti begani kwa mjukuu, na safari ya kurudi ikapitishwa makusudi mbele ya nyumba za watu. Kumpiga pweza mpaka alainike ikawa kazi ya mjukuu pia, na anasema mkono uliuma hadi kesho yake. Yupo mwingine waliyemwona, mdogo, mkono wa mtoto mzima ungemfunika. Bibi alimpita. "Huyo bado hajala chumvi," alisema. Pweza huishi mwaka mmoja hivi, mwaka na nusu kwa wingi, na katika muda huo anakua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi miwili unamkuta mtu mwingine. Kusini mwa Pemba, Kisiwa Panza, wanakijiji wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu mitatu kwa hesabu hiyo hiyo. Mtoto wangu alijifunza uhifadhi kwa kupitwa na mboga aliyoiona kwa macho yake.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hesabu. Mwalimu wake amekuwa akiniandikia kwamba hesabu zinampa tabu. Wiki ya tatu ananiambia kwenye simu kwamba kesho wataondoka saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa saa tano na nusu. Nikamuuliza nani kakwambia. Akajibu maji huchelewa kila siku, siku za bamvua, yanapopwa na kujaa sana, huchelewa kama dakika arobaini, na yakianza kuwa maji mafu yanachelewa zaidi, saa nzima na kitu. Ni kweli. Kwa wastani maji huchelewa dakika hamsini kila siku kwa sababu mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hicho, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vikivuta bahari kwa mstari mmoja. Kwenye kitabu cha jiografia hilo ni aya moja na mchoro wa duara tatu. Kwa bibi ni ratiba ya mboga.

Na angalia ilivyopangwa. Mwezi wa Kiislamu huanza mwezi unapoandama, kwa hiyo tarehe yake ndiyo jedwali la maji. Mwezi mosi hadi mwezi nne ni bamvua. Mwezi saba, mwezi nane, maji mafu, hayapwi yakakauka wala hayajai yakafika mitini. Mwezi kumi na nne bamvua tena. Na kwa Unguja bamvua hupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, mwaka nenda mwaka rudi. Ajuaye tarehe ya mwezi hahitaji kuona bahari kujua iko wapi. Mama yangu hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani na anajua bahari iliko akiwa jikoni amefunga dirisha.

Kalenda ya pili ni ya Nairuzi, ile inayoanza na Mwaka Kogwa wa Makunduchi mwezi Julai, siku 365 zinazohesabiwa kwa miongo, kumi kumi. Wakulima na wavuvi wa zamani walipanda na kusafiri kwa miongo hiyo, kwa sababu mwezi hauwezi kukwambia mvua itanyesha lini. Jua ndilo lenye misimu. Mama anaikumbuka nusu nusu. Akitaka uhakika huenda kumuuliza mzee mmoja mtaa wa pili, na mzee huyo akifa sijui atamuuliza nani.

Ya tatu iko juu. Mwishoni mwa Juni, mwezi ukiwa giza, bibi alimtoa mjukuu nje alfajiri kabla ya swala, akamwelekeza kaskazini mashariki juu ya bahari. Kishada kidogo cha nyota, unaweza kudhani ni wingu. Kilimia. Jina limetokana na kulima, na msemo wake upo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilikuwa kimezama wakati wa masika, sasa kimezuka na kipupwe, jua na upepo wa kusi, licha ya vimvua vya mchoo. Mtoto akaniuliza: "Baba, Tabata nayo ina Kilimia?" Ina. Taa za barabarani na ukuta wa jirani vimekikalia.

Watu wanauliza kwa nini bibi anaweza na sisi hatuwezi. Wanadhani ni subira ya uzee. Mama yangu hana subira. Sisi watoto wake tunalijua hilo kwa ngozi zetu. Anachokuwa nacho kwa mjukuu ni utani. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume wa mzaha, na chini ya mzaha huo mambo mengi yanapita. Mtoto alipochelewa kuamka, bibi aliwaambia majirani kwa sauti: "Mume wangu huyu mvivu, hajui hata maji yamekwenda wapi. Mniozeshe mwingine." Wanawake wakacheka, naye akacheka kwa aibu, akaenda kutafuta yeboyebo zake. Neno hilo hilo, mvivu, likitoka kinywani mwangu ni hukumu na mlango unabamizwa. Wahenga hawakuwa wajinga kuweka malezi ya kuadibu kwa wazazi na malezi ya kufundisha kwa mababu na mabibi. Sisi tumebaki na yote mawili, mjini, tukirudi kazini saa mbili usiku, na la pili tumelikabidhi YouTube.

Na maneno. Kiswahili sanifu kilijengwa miaka ya 1930 juu ya Kiunguja, lugha ya kisiwa hiki, lakini mtoto anayepata alama nzuri za Kiswahili Dar es Salaam anaweza kumaliza shule ya msingi bila kusikia neno bamvua. Mwanangu ameondoka Jambiani na maji kupwa, maji kujaa, maji mafu, tumbawe, dema, kome, chaza, tasi, changu. Anajua kwamba ile tunayoiita nyota ya bahari, kwa bibi ni kiti cha pweza. Anajua taa si ya umeme tu, ni samaki pia, na kwamba ukitembea kwenye maji ya magoti uburute miguu, usiinue, ili taa akusikie aondoke na mwiba wake. Neno hilo la mwisho angeweza kulisoma popote. Namna ya kuburuta miguu asingeisoma.

Sasa nisije nikaonekana nauza kijiji kama wanavyokiuza wenye hoteli. Jambiani kuna umeme na kuna intaneti. Watoto wa jirani wanane hukusanyika kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, na walimwona mwanangu kichaa kuacha kishikwambi kizima kwa ajili ya kuchokoa mawe. Kukosa umeme si baraka. Waulize Waunguja waliokuwepo Disemba 2009, umeme wa kutoka bara ulipokatika na kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, samaki walioza, biashara zilifungwa, na simkumbuki mtu aliyesifia nyota. Anayeweza kufurahia kuacha kitu ni yule ambaye anacho.

Tena pwani ni kazi. Nilipokuwa nasoma, darasa letu lilipungua siku za bamvua, na walimu walijua wasichana wako wapi. Kwa mwanangu mwamba ule ni likizo. Kwa binti wa nyumba ya tatu, aliyemfundisha kuchagua mti wa kuchokolea, ni mboga ya kila siku na daftari lililobaki nyumbani. Makala nyingi za kusifia utoto wa kijijini huandikwa na watu waliohama kijiji, na hii ni mojawapo.

Bahari nayo haijakaa kama nilivyoiacha. Mwani ulipoletwa huku mashariki mwaka 1989, wanawake walipata pesa yao ya kwanza isiyopitia mkononi mwa mwanamume, na nyumba za mawe zilijengwa kwa pesa ya kamba na vigingi vya mwani. Leo ile aina yenye bei, kotonii, haitaki tena maji ya karibu na ufuko, maji yamekuwa moto mno kwake, na wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Pweza aliyekuwa mboga ya wanawake waendao kwa miguu amekuwa bidhaa ya hoteli na ya kusafirishwa, kwa hiyo wanaume wamevaa miwani ya kuzamia na kumfuata kwenye kina. Wanaobaki juu ya mwamba ni wadogo na wachache. Zamani, anasema mama, ulikuwa unarudi na watatu kabla jua halijawa kali. Mjukuu alipata wawili kwa likizo nzima na bado anajiona bingwa.

Ndiyo maana siamini tuna muda wa kutosha. Elimu hii haiko mahali popote ila kwenye miguu ya watu wa umri wa mama, na magoti yake yameanza kukataa mwamba wa nje. Njia pekee ya kumfikia ni likizo. Na likizo, kabla hatujaisingizia simu, imeibwa na kitu kingine chenye heshima zaidi: tuisheni.

Mwezi Mei nilipata ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Darasa la nne lina mtihani wa taifa, watoto watabaki wiki tatu kwa masomo ya ziada, mchango ni kiasi fulani, chakula kipo. Kabla sijamaliza kusoma, wazazi kumi na mmoja walikuwa wameshaandika "Nimekubali". Mimi niliandika kwamba mtoto anakwenda kwa bibi yake. Kukawa kimya kwenye kundi, kimya kile cha msibani mtu anapoingia na nguo nyekundu. Mzazi mmoja akanipigia pembeni, kwa nia njema kabisa, kuniuliza kama nina tatizo la pesa.

Kenya waliliandikia sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya likizo, na faini yake inafika shilingi 100,000 za kwao au kifungo cha mwaka mmoja. Masomo hayo hayakufa, yalibadili jina. Kwetu wizara hutoa matamko, na matamko hayo husomwa na wazazi walewale waliokwisha kulipa. Sheria haiwezi kushinda hofu ya mzazi anayeamini kila mtoto mwingine yuko darasani. Hofu hiyo ndiyo inayoshika wiki tatu za Juni, na kishikwambi kinaokota makombo: jioni mtoto amechoka, tunampa kwa huruma. Kisha tunaandika barua za wasomaji kulaumu kishikwambi.

Mwenye kutaka sababu ya kitabibu anayo. Macho ya watoto wanaoshinda ndani huelekea kuona karibu tu, na mwanga wa nje husaidia kuzuia hilo. Taiwan ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku kwa sababu ya macho tu, bila kutaja pweza. Mimi sikumpeleka kwa sababu ya macho. Nilimpeleka, nikisema kweli, kwa sababu dada wa kazi alikuwa anakwenda kwao.

Mama ana rafiki ambaye wajukuu zake wako Maskati. Huja Julai na Agosti, joto la kwao likiwa halikaliki, wakiwa na Kiarabu na Kiingereza na Kiswahili cha salamu. Bibi huyo ana miezi miwili kwa mwaka, wajukuu sita na lugha moja na nusu. Mama anamcheka kwamba anawafundisha bahari kwa vidole. Lakini wale watoto, anasema, hawakosi bamvua hata moja.

Mwanangu amerudi Tabata. Kishikwambi amekirudia, tena siku ileile, na sitaki kudanganya: anakitazama kama zamani, karibu kama zamani. Ila kwenye ukuta wa jikoni, pembeni ya kalenda ya benki, ameandika kwa penseli safu yake ya tarehe. Ujumbe wa masomo ya Disemba umeshaingia kwenye kundi na bado sijaujibu. Yeye amekwisha piga hesabu. Anataka tupande boti ya Ijumaa ile ya kwanza baada ya shule kufungwa. Tukingoja mpaka Jumatatu, anasema, tutakuta bamvua imekwisha, na bibi atatuambia tumekuja kula tu.